Uzi: Kabla hujanunua bembea, angalia kwanza mtoto ataangukia nini

Mlezi_wa_Uwanja

Wakuu habari zenu. Nimeamua kufungua huu uzi maana kila mara naona mtu anaomba ushauri anunue bembea gani, slaidi ya plastiki au ya chuma, rangi ipi watoto wanaipenda, ila chini ya hiyo bembea ataweka nini hakuna anayeuliza. Kazi yangu mimi ni viwanja vya kuchezea watoto, mwaka wa kumi na moja sasa, nimefunga vyombo, nimefumua, nimechimba, nimesomba mchanga, na kuna siku nilimbeba mwenyewe mtoto aliyevunjika mkono kumpeleka kupigwa picha, njia nzima analia anamwita mama yake. Uwanja ule kwa macho ulikuwa mzuri kweli, rangi zote zipo, lakini chini ilikuwa ardhi tupu iliyokanyagwa mpaka ikawa kama sakafu. Ile siku ndo ilinibadilisha. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Iko hivi. Mtoto akiumia uwanjani mara nyingi chombo hakijamfanya kitu, kilichomuumiza ni ardhi. Marekani peke yake watoto zaidi ya laki mbili kila mwaka wanafikishwa emajensi kwa ajali za viwanjani na kinachoongoza ni kuanguka. Na mtoto ataanguka tu, anayecheza lazima aanguke, kwa hiyo hela yako ya kwanza iende pale atakapofikia, ikibaki ndo ununue vya kupanda.

Hesabu yake sio ngumu. Chukua mtoto aliyening'inia mita 2 juu, mkono ukateleza. Atafika chini na mwendo wa kama kilomita 22 kwa saa, na hapo hakuna ujanja, uweke zege uweke godoro mwendo ni uleule. Kinachobadilika ni umbali anaoutumia kusimama. Ardhi ikibonyea sentimita 10 basi kwa wastani mwili unapokea nguvu kama mara 20 ya uzito wake. Ikibonyea sentimita 1 tu, ni kama mara 200. Zege hata hiyo sentimita moja halikupi. Ndo maana wanaopima hizi sakafu wanadondosha kichwa cha bandia chenye kifaa cha kusoma mshtuko, na vipimo vya Marekani vinataka mshtuko usizidi g 200, yaani mara 200 ya nguvu ya uvutano wa dunia, na kile kipimo cha madhara ya kichwa wanachokiita HIC kisizidi 1000. Wa Ulaya nao wanatumia hiyohiyo 1000. Wanapandisha kimo kidogo kidogo mpaka namba zivuke, na kimo cha mwisho kabla hazijavuka ndo uwezo wa ile sakafu.

Kwa hiyo mtu akikuambia sakafu yangu ni salama, muulize salama mpaka mita ngapi. Akishindwa kujibu mshukuru uondoke.

MamaPacha

Asante sana kaka, umenigusa kwelikweli. Mimi nina wanangu wawili wa miaka mitatu na nusu, baba yao amewafungia bembea ya viti viwili nyuma ya nyumba juu ya nyasi, na kuna kijumba kidogo chenye slaidi. Sasa nyasi si laini jamani? Mimi hata natembea peku pale naona raha tu. Au nimekosea?

Mlezi_wa_Uwanja

Dada hujakosea kuuliza. Nyasi zenye afya juu ya udongo tifutifu zinasaidia, hata Ulaya wanaziruhusu kwa kimo cha mpaka mita 1 zikitunzwa vizuri. Kwa viwanja vya umma Marekani hawazihesabu kabisa kama kinga, na sababu naijua maana naiona kila wiki: zinakufa palepale zinapohitajika. Nenda kaangalie chini ya viti vya bembea na mwisho wa slaidi, ntashangaa usipokuta vijishimo viwili vya udongo mtupu. Miguu inakwangua, mvua inakandamiza, jua linapika, mwisho wake una tofali.

Fanya hivi, chukua bisibisi uichomeke pale kwa mkono mmoja tu bila kuigonga. Ikizama mpaka kwenye mpini una nafasi. Ikigoma sentimita mbili tatu, mtoto naye atagoma hapohapo. Hicho sio kipimo cha maabara, ila mimi kinanisaidia nikiingia uwanja nisioujua.

Halafu pima bomba la juu linaloshika minyororo liko mita ngapi kutoka chini, maana kimo cha bembea kinahesabiwa kutoka pale juu, wengi wanapima kutoka kwenye kiti na ndo wanajidanganya.

FundiRaba

Mkuu uzi mzuri ila naona unaelekea kwenye mchanga, na mimi natandaza raba kwa hiyo nitetee fani yangu. Raba ya kumwaga ikifanywa sawasawa hakuna inayoifikia. Ni matabaka mawili, la chini ni chembe za matairi zilizosagwa, hilo ndo godoro lenyewe na unene wake unategemea kimo cha chombo, la juu ni chembe za EPDM zenye rangi, hiyo ni raba mpya ya kiwandani sio ya tairi, na vyote vinashikwa na gundi ya poliyurethani. Unachuchumaa na mwiko kutwa nzima kama mtu anayepiga plasta mpaka mgongo unauma, lakini ukimaliza una kitu ambacho mtoto hawezi kukichimba, paka hawezi kufukia uchafu wake, na kiti cha magurudumu kinapita.

Shida ni mafundi wa kubahatisha. Mtu anamwaga wakati chini pabichi au mvua inanyemelea, gundi ikikutana na maji inatoa povu, baada ya muda sakafu ina malengelenge. Mwingine anabana unene ili apate faida, juu rangi nzuri kumbe chini kuna sentimita tatu juu ya zege na chombo ni cha mita mbili. Kwa macho huwezi kujua. Mimi namwambia mteja siku ya kazi aje na futi apime mwenyewe kabla sijafunika, na nikimaliza adai cheti cha kipimo kinachotaja kimo.

Mlezi_wa_Uwanja

Fundi nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani, na hilo la kupima kabla hujafunika naomba kila mtu aliandike. Ila tuwaambie watu yote. Raba inazeeka. Jua linaikausha gundi, ukipitisha kiganja unabaki na chembe za rangi mkononi, kingo zinajikunja zinaacha ufa kati ya raba na ukingo wa zege, na kilichokuwa kinalinda mita 2 siku ya kwanza kinaweza kisiilinde tena miaka kadhaa mbele wakati kwa macho bado kinang'aa. Mchanga ukipungua unauona, raba ikiwa ngumu huioni mpaka uje na kile kichwa cha bandia upime tena.

Pili ni joto. Raba nyeusi au bluu iliyokoza mchana wa jua kali inaunguza nyayo za mtoto, na nyasi bandia vilevile. Weka rangi za kupauka na utafute kivuli kwanza. Ukitaka kujua weka mgongo wa kiganja chako pale uhesabu polepole mpaka tano, wewe ukishindwa na mtoto hawezi. Watoto chini ya miaka miwili ndo wa kuogopea zaidi, mkubwa akiungua anaruka, huyu mdogo anaweza kubaki palepale analia asijue kwamba akisogea yataisha. Slaidi ya chuma ni hadithi hiyohiyo, ielekeze mahali jua la mchana na alasiri halipigi moja kwa moja, au iwe chini ya mti.

Nesi_wa_Zamu

Hapo kwenye kuungua msilichukulie poa. Nimefunga bandeji watoto walioungua nyuma ya mapaja kwa slaidi, na siku yenyewe wala haikuwa ya joto kali, chuma kilikuwa kimepigwa jua tangu asubuhi basi.

Swali langu ni matairi. Wazazi wananiuliza kama zile chembe zinaleta kansa. Nyie wa fani mnasemaje?

FundiRaba

Nesi nakujibu kwa ninavyojua. Tairi lina kemikali za jamii ya PAH na baadhi yake zinasababisha kansa, hilo halina ubishi. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2022 umeweka kikomo, chembe zinazomwagwa kwenye viwanja vya michezo na vya watoto zile PAH nane wanazozipima zisizidi jumla ya miligramu 20 kwa kilo. Kwa hiyo ukinunua dai karatasi ya maabara yenye hiyo namba. Mimi binafsi chembe za tairi zilizo huru, za kumwaga tu chini kama changarawe, siziweki tena kwa watoto wadogo. Sio kemikali tu, wanazitia mdomoni, zinaingia kwenye viatu, zinasambaa zinafika kwenye mitaro na hazirudi. Zikiwa zimeshikwa na gundi na zimefunikwa na EPDM hiyo ni habari nyingine.

Mwl_Chekechea

Naomba na mimi nitetee mchanga maana naona umeachwa yatima. Nina watoto 40 kwenye uwanja wangu na mchanga ndo kitu pekee ambacho ni sakafu na ni mchezo hapohapo. Bembea inachosha, slaidi inachosha, mchanga sijawahi kuona mtoto kauchoka. Boston walianza na mchanga mtupu mwaka 1885, lundo la mchanga uani kwa ajili ya watoto wa mjini, na kutoka pale viwanja vya watoto Marekani vikaanza kuenea.

Halafu kuna utafiti mmoja naupenda, ulifanywa kwenye shule za Toronto ukatolewa 2009, shule ziligawanywa kwa bahati nasibu hizi ziwekewe mchanga wa granaiti, hizi vipande vya mbao vilivyotengenezwa maalumu kwa viwanja. Kwenye mbao mikono iliyovunjika kwa kuanguka ilikuwa karibu mara tano ya kwenye mchanga. Mara tano! Na vyote viwili vilikuwa vinakubalika kwa vipimo vya kichwa.

Mlezi_wa_Uwanja

Mwalimu umeleta kitu ambacho nilikuwa nataka kukifikia. Vile vipimo vya g 200 na HIC vinaangalia kichwa, vimewekwa ili mtoto asife na ubongo usidhurike, havijasema lolote kuhusu mkono. Mtoto akianguka anatanguliza kiganja, kwenye mchanga kile kiganja kinateleza na kuzama, kwenye kitu kinachoshikana kiganja kinang'ang'ania, mwili unakuja kwa juu na mfupa unakatika. Mimi naelewa hivyo kutokana na nilivyoona watoto wakianguka.

Ila msikimbilie mchanga mkafumba macho. Mwongozo wa Marekani wa viwanja vya umma unasema mchanga wenye kina cha sentimita 23 unakinga mpaka mita 1.2 tu. Changarawe za duara kina hichohicho mita 1.5. Matandazo ya mbao mita 2.1, vipande vya mbao mita 3, na raba iliyosagwa sentimita 15 inafika mita 3. Hizo ni kina baada ya kushindiliwa na miguu, na hivi vya kumwaga vyote vinapungua angalau robo, kwa hiyo ukitaka 23 unamwaga 30. Ulaya ni wakarimu zaidi kwa mchanga, wanaupa mpaka mita 2 na hata 3 ukiongeza kina, lakini wanataka mchanga uliooshwa, chembe za kati ya milimita 0.2 na 2, usio na udongo wa mfinyanzi, na wanakutaka uongeze sentimita 10 juu ya kina kwa ajili ya kutawanyika. Msishangae basi mkikuta majedwali mawili hayaongei lugha moja. Mimi nafuata lililo kali.

Na mchanga wa kujengea sio huu. Wa kujengea fundi anaupenda kwa kuwa unashikana, ukilowa na ukakauka unakuwa tofali. Wa watoto chukua kiganja kimoja, ulowanishe, ufinye, uache ukauke juani. Ukibaki donge linalogoma kuvunjika usiuweke. Ukimwagika wenyewe ukiugusa, huo. Halafu tikisa kidogo kwenye chupa ya maji, maji yakibaki tope kwa muda mrefu una vumbi jingi mle.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Vyombo vifupi vya watoto wadogo, visivyozidi mita 1.2, mchanga. Vyombo virefu, vipande vya mbao au raba iliyopimwa. Na kabla ya yote jiulize huo urefu unautakia nini, mtoto wa miaka mitatu kwenye kijumba cha mita moja anafurahi vilevile kama kwenye cha mita mbili.

Mwl_Chekechea

Sawa nimekuelewa. Niongeze tu matunzo. Mchanga usiofunikwa usiku ni choo cha paka, na paka anaacha vimelea ambavyo mtoto akitia mkono mdomoni ni tatizo. Sisi tuna turubai, kila jioni watoto wenyewe wanasaidia kuvuta, imekuwa mchezo wa mwisho wa siku. Asubuhi kabla hawajaingia napitisha reki, na nimeshaokota vipande vya chupa, sindano ya kushonea, kisoda, jino la mtu. Mchanga unaficha. Asiyekuwa tayari kushika reki kila siku asiweke mchanga, nasema kwa mapenzi.

Na msifunike uwanja mzima kwa raba jamani. Ufini 2020 walitoa utafiti wa watoto wa chekechea wa miaka 3 mpaka 5, wakawawekea uani udongo na mimea ya msituni wachezee, baada ya siku 28 bakteria wazuri kwenye ngozi walikuwa wameongezeka aina na damu ilionyesha kinga imebadilika kwa uzuri. Wapeni kona ya udongo.

BabaWaMagurudumu

Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba nami niseme. Mwanangu ana miaka sita na anatumia kiti cha magurudumu. Mnapozungumza mchanga na changarawe mimi naona ukuta. Tunafika uwanjani, wenzake wanakimbia, yeye magurudumu ya mbele yanazama hatua ya kwanza na tunabaki pembeni. Kuna siku aliniambia baba twende tu nyumbani nitaangalia dirishani. Anapenda mchanga kuliko nyie wote, nyumbani namuwekea kwenye beseni juu ya meza anachezea saa nzima. Hataki bembea maalumu wala nini, anataka kufika walipo wenzake. Naomba mfikirie na hilo mnapopanga.

Mlezi_wa_Uwanja

Mzee umenifanya nisimame kidogo kabla ya kuandika. Pole, na asante kwa kusema.

Nitakuwa mkweli, miaka yangu ya mwanzo nimejenga viwanja viwili vya mchanga mtupu na sikuwahi kujiuliza hili swali. Siku hizi nachora njia kwanza. Njia ngumu iliyo tambarare, raba au zege lililopigwa vizuri, kutoka getini mpaka kwenye kila chombo, upana wa viti viwili vipishane, na inapofika chini ya chombo lazima iwe raba yenye unene wa kimo kile, zege linaishia nje ya eneo la kuangukia. Mchanga unakaa pembeni ya njia, na sehemu moja unainuliwa kwenye sanduku la kimo cha meza, chini wazi ili magoti ya mwenye kiti yaingie. Hilo beseni lako la nyumbani ndo wazo lenyewe, mwanao akae hapo na wenzake wazunguke meza ileile.

Kuna pia vile vipande vya mbao vilivyosagwa maalumu kwa viwanja, nyuzinyuzi ndefu zinazolala na kushikana, vikimwagwa kwa matabaka na kushindiliwa kiti kinapita juu yake. Vinahitaji kusawazishwa mara kwa mara, hasa chini ya bembea, la sivyo shimo moja linamrudisha mtoto kule kule dirishani.

FundiMbao

Mmezungumza chini, niruhusuni nizungumze nguzo maana hapo ndo naingia mimi.

Mbao za zamani zilizotiwa dawa, hasa zenye ukijani uliopauka, ziogopeni. Zamani dawa ilikuwa CCA, ndani yake kuna kromiamu, shaba na aseniki, ile sumu hasa. Inatoka kidogo kidogo juu ya mbao na kwenye udongo wa chini yake, mtoto anashika ngazi kisha anakula muwa au kipande cha mkate kwa mkono uleule. Marekani viwanda viliacha kuitia kwenye mbao za majumbani na za viwanja vya watoto mwisho wa 2003, lakini mbao za kabla ya hapo bado zipo na watu wanaziuziana kama mbao imara, na ni kweli ni imara. Msizisage kuwa vipande vya kutandaza, msizichome, moshi na majivu yake ni sumu.

Siku hizi kuna dawa za shaba zisizo na aseniki, ila zinakula misumari na bolti za kawaida, kwa hiyo tumieni zilizochovywa kwenye zinki ya moto au chuma kisichoshika kutu. Au mbao zenye uvumilivu wa asili kama mtiki na mwerezi, nguzo isikae moja kwa moja kwenye udongo, ikae kwenye kiatu cha chuma. Pigeni msasa pembe zote ziwe za mviringo. Kichwa cha bolti kizame, nati iwe ya kujifunga. Mkipitisha soksi ya mtoto juu ya chombo kizima na isishike popote, hapo mmefanya kazi.

Plastiki ni ile nzito ya HDPE iliyowekewa kinga ya jua, ile nyepesi ya kung'aa inapauka na kupasuka, na ufa wake unakata kama wembe.

Na tundu. Kati ya ngazi na ngazi, kati ya fito na fito, pasiwe na uwazi kati ya sentimita 9 na 23. Mtoto anatanguliza miguu mwili unapita kichwa kinabaki. Ama pabanwe zaidi ama pawe wazi kabisa. Kamba za kuning'inia na nguo zenye uzi shingoni, toeni. Hilo halina mjadala.

MamaPacha

Nimerudi wadau. Nimefanya yote mliyosema. Bisibisi imeingia kidogo tu ikagoma, nikajisikia vibaya. Bomba la bembea liko mita 2 kamili. Mume wangu ameshika futi nami naandika. Sasa nikitaka kutandaza vipande vya mbao nahitaji kiasi gani, na eneo liwe kubwa kiasi gani? Chini ya bembea tu inatosha?

Mlezi_wa_Uwanja

Hapana dada, chini tu haitoshi, mtoto wa bembea anaachia ikiwa inapaa. Mbele unahesabu mara mbili ya kimo cha bomba, na nyuma vilevile, kwa hiyo mita 4 mbele na 4 nyuma, jumla 8. Ubavuni mita 1.8 kila upande. Kama fremu yako ina upana wa mita 3 basi upana wote ni 6.6. Zidisha 8 kwa 6.6 kwa kina cha 0.3 unapata karibu mita za ujazo 16. Ni nyingi, najua. Ukiona nyingi mno shusha bomba, likija mita 1.5 eneo linakuwa 6 kwa 6.6 na unahitaji kama 12, na watoto wa umri wao hawatajua tofauti.

Chimba, weka kokoto sentimita 7 mpaka 10 za kupitisha maji, tandika kitambaa cha kuchuja juu yake, kisha mbao. Bila kile kitambaa kokoto zitapanda juu mwaka hauishi. Usimwage juu ya zege. Vipande viwe vya matawi, visitoke kwenye mbao za ujenzi maana humo kuna misumari na rangi, na visiwe vya mti wa miiba. Ukingo usiwe tofali zenye pembe kali. Chini ya kila kiti weka kapeti nene la raba lililofukiwa kidogo, linazuia miguu isichimbe.

Halafu chukua rangi nyekundu, piga mstari kwenye nguzo pale vipande vinapotakiwa kufika. Siku zote.

MamaPacha

Tumeshusha mpaka mita 1.5. Imechukua Jumamosi tatu, majirani wawili wamekuja na makoleo, watoto wamelala juu ya lundo la mbao mchana kutwa wakanuka kama msitu. Mmoja ameshaanguka mara nne nimehesabu, anainuka anajipangusa anarudi.

Leo ni wiki ya sita. Nimeangalia mstari mwekundu, vipande viko vidole vinne chini yake, na kwenye slaidi ni zaidi. Baba yao ameenda kuleta gunia jingine.